Mbweha na kuku wa Dodoma: sumu, mtego, mbwa au banda?

Kiangazi kilichopita jirani yangu alinigongea mlango kabla jua halijatoka, mkononi kashika ndoo yenye utumbo wa mbuzi. Usiku ule alikuwa amepoteza kuku saba, na wawili kati yao walibaki palepale bandani wamekufa bila kuliwa. Nilimsalimia "Mbukwenyi, babu," akaitikia harakaharaka na kuuliza alichokuja kuuliza: "Mjukuu wangu, wewe unasomasoma mambo ya wanyama. Dawa gani ya shambani inamaliza mbweha upesi?"

Nilimsihi aining'inize ile ndoo juu, mbwa wasiifikie, kwanza twende tukaangalie banda.

Swali lake wafugaji wengi wa Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa wanaulizana kila kiangazi, na majibu yanayozunguka vijijini ni manne: weka sumu, tega, fuga mbwa, jenga banda. Nitayalinganisha yote, lakini msimamo wangu nausema mapema. Kwa kuku, hela yako ya kwanza iende kwenye banda. Kwa mbuzi, iende kwa mbwa na mchungaji. Sumu isiingie kwenye hesabu kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, ni mbweha yupi?

Huku kwetu jina moja la mbweha linabeba wanyama kadhaa, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Yule wa picha za vitabu vya watoto, mwekundu mwenye ncha nyeupe mkiani, Tanzania hayupo. Mbweha mwekundu ndiye mla nyama wa porini aliyeenea kuliko wote duniani: yuko Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini, na Australia alikopelekwa na Waingereza katika karne ya 19. Afrika anaishia kaskazini tu, kuanzia Moroko hadi Misri na kushuka kidogo kwenye bonde la Nile. Nasema haya kwa sababu ushauri mwingi unaoupata mtandaoni kuhusu mbweha na kuku umeandikwa kumhusu yeye. Mwingine unatufaa, mwingine ukiufuata hapa utajuta.

Wetu anayeingia bandani mara nyingi ni bweha mgongo mweusi, mwenye joho jeusi lililochanganyika na kijivu mgongoni na ubavu wa rangi ya kutu. Ana uzito wa kati ya kilo 6 na 13. Huishi dume na jike kwa miaka, wakilinda eneo lao, na watoto wa mwaka uliopita wengine hubaki nyumbani kusaidia kulea wadogo zao. Patricia Moehlman aliyewafuatilia Serengeti alionyesha mwaka 1979 kwamba familia zenye wasaidizi hukuza watoto wengi zaidi kuliko zile za wawili peke yao. Likumbuke hilo la kulinda eneo, litarudi kwenye habari ya mitego.

Bweha miraba ni ndugu yake mpole zaidi, mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha nyeupe ya mkia. Anapenda maeneo yenye miti na unyevu kidogo, anakula matunda, wadudu na panya. Kuku anaweza kuchukua, lakini si mzoefu wa kazi hiyo kama mwenzake.

Kisha kuna bweha masikio, na huyu namtetea kwa moyo wote. Ni mdogo, kilo 3 hadi 5, masikio yake yanafika sentimita 13, na ana meno 46 hadi 50, mengi kuliko karibu wanyonyeshao wote wa nchi kavu. Meno hayo ni madogomadogo, ya kutafuna wadudu. Chakula chake kikuu ni mchwa, hasa wale wavunaji wanaokata majani makavu na kuyaburuta shimoni. Usiku anatembea kichwa kimeinama, masikio yameelekea ardhini, anasikiliza mwendo wa wadudu chini ya udongo, kisha anachimba kwa kucha ndefu za miguu ya mbele. Mchwa hao wanakula nyasi zilezile ambazo mbuzi na ng'ombe wako wanazitegemea mwezi wa Oktoba, wakati malisho ya Dodoma yamebaki vumbi. Huyu anakufanyia kazi bure, na kila mwaka anauawa kwa sumu iliyowekwa kwa ajili ya mwizi mwingine.

Na mwizi si lazima awe mbweha. Nguchiro huja mchana na kumaliza vifaranga na mayai. Kanu hupanda na kupenya juu, penye nafasi kati ya ukuta na bati. Nyegere hachagui mlango, anabomoa ubao na kuua wengi kwa mara moja. Mbwa wa kijiji wasiolishwa nao ni waharibifu wakubwa kuliko tunavyokubali. Ukikuta mbuzi ameumwa mapajani, masikioni na mkiani, na nyama haikuliwa, shuku mbwa kabla ya bweha. Bweha huuma shingoni, kisha huanza kula ubavuni.

Kwenye banda la mzee tulikuta shimo upande wa nyuma, pana kama sahani ya wali, limechimbwa kuanzia nje na udongo umetupwa kinyumenyume. Nyuzi chache za manyoya, nyeusi ncha na kahawia kiini, zilikuwa zimenasa kwenye waya. Kwenye vumbi laini kulikuwa na alama za vidole vinne na kucha, viwili vya kati vimetangulia, mguu mzima mdogo kuliko kiganja cha mtoto. Mgongo mweusi. Na wale kuku wawili walioachwa nilimweleza mzee hivi: porini ndege akishambuliwa, wenzake wanaruka na kumwacha mwindaji na mmoja. Bandani hawana pa kwenda, wanapigapiga mabawa mbele ya pua yake, naye anauma kila kinachopapatika. Mbweha mwekundu wa Ulaya hufanya vilevile, na akipata nafasi hurudi kubeba waliobaki mmojammoja na kuwafukia mahali mbalimbali, akiba ya siku ya njaa. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe angerudi." Angerudi, ndiyo. Ndiyo maana shimo lile lilipaswa kuzibwa siku ileile.

Sumu

Uzuri wake ni mmoja: ni rahisi na ni ya haraka. Dawa ya wadudu ipo duka la pembejeo, utumbo upo machinjioni, kazi ni ya dakika kumi. Ubaya wake hauishi.

Nyama yenye sumu haichagui wa kuiokota. Bweha akifa, fisi anamla bweha, tumbusi wanamshukia fisi, mbwa wa jirani anapita na kipande. Mwezi Oktoba 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa kwenye daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka porini, na sumu ndiyo sababu kubwa. Mzoga mmoja unaweza kuua tumbusi kwa makumi, kwa sababu wanakusanyika kwa kutazamana angani. Tumbusi wakiisha, mizoga inabaki kwa mbwa na fisi, na magonjwa yanapata njia. Hapo sijataja mtoto anayecheza nyuma ya banda.

Kuna wanaosema mbona Australia wanatumia sumu dhidi ya mbweha na serikali inaruhusu? Ni kweli, wanatumia. Lakini kule mbweha mwekundu ni mgeni, na wanyama wadogo wa asili hawakuwahi kukutana na mwindaji wa namna yake, kwa hiyo amechangia kuwatokomeza wengi. Tena sumu wanayoitegemea zaidi inapatikana kiasili ndani ya mimea ya kusini-magharibi mwa nchi hiyo, na wanyama wa huko wameizoea kwa vizazi hata wanaivumilia kuliko mbweha anavyoweza. Hapa kwetu bweha ni mwenyeji, amekuwa na fisi, chui na tumbusi tangu zamani, na dawa ya wadudu ya dukani haimwachi yeyote. Kuchukua mfano wa Australia na kuuleta Chamwino ni kuvaa kiatu cha mtu mwingine gizani.

Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu. Ukikamatwa, kesi itakula zaidi ya hao kuku saba.

Mtego na bunduki

Hapa sitakaa sana. Tanzi la waya halitofautiani na sumu kwa upofu wake: linanasa digidigi, bweha masikio, mbwa wako mwenyewe na hata mguu wa ndama. Kutega na kupiga bila kibali ni kosa. Ukiwa na mnyama anayerudiarudia, mwone afisa wanyamapori wa wilaya kupitia mtendaji wa kijiji, yeye ndiye mwenye mamlaka.

Lakini hata kama sheria isingekuwepo, kuua hakulipi kama inavyodhaniwa. Wale bweha wawili wenye eneo ndio wanaowazuia wengine wasiingie. Ukiwaondoa, nafasi inabaki wazi, na vijana wanaotangatanga bila makao wanaijaza. Kijana asiyejua mashimo ya panya wa eneo hilo hutafuta kilicho rahisi, na kilicho rahisi ni kuku wako. Uingereza walipata ushahidi wa jambo hili bila kukusudia. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipowapiga ng'ombe na kondoo wao, uwindaji wa mbweha ulisimamishwa karibu mwaka mzima. Watafiti wakahesabu kinyesi cha mbweha kabla na baada, wakakuta hawakuongezeka, yaani uwindaji haukuwa ukiwapunguza. Wakulima wa kondoo wa Afrika Kusini nao wamewawinda mgongo mweusi kwa vizazi na vizazi, na hadi leo wanalalamika kuhusu mnyama huyohuyo.

Pia kuna upande wa panya. Panya shamba anajua kuadhimisha mvua: mwaka ukiwa mzuri anazaliana hadi mahindi na mtama vinachimbuliwa vikiwa mbegu. Bweha, bundi, paka pori na nyoka wanamla kila usiku. Sisemi kwamba bweha peke yao wanazuia mlipuko wa panya ukishaanza, maana panya huzaa kuliko wanavyoliwa. Katika miaka ya kawaida, hata hivyo, sioni sababu ya kumfukuza mlinzi wa shamba asiyeomba mshahara.

Mbwa

Mbwa ni jibu zuri, lakini kwa namna tulivyozoea kumfuga, ni nusu ya jibu. Mbwa aliyefungwa mnyororo mlangoni atabweka, bweha atazunguka nyuma. Mbwa anayezurura usiku yuko kilomita mbili mbali, kwenye harusi ya mbwa wenzake.

Anayefaa ni mbwa aliyelelewa na mifugo. Namibia wanatumia mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, programu yao ilianza mwaka 1994, na wengine wa aina hiyo walijaribiwa hadi huku kwetu karibu na Ruaha. Ni mbwa wazuri, ila wanakula sana na si rahisi kuwapata. Kinachonipa moyo zaidi ni Botswana, ambako mbwa wa kawaida wa kijijini wamefunzwa kulinda mbuzi na wanaifanya kazi hiyo vizuri kwa gharama ndogo. Kinachofanyika ni hiki: mtoto wa mbwa akifikisha wiki sita hadi nane anahamishiwa zizini, analala na mbuzi, anakula akiwa na mbuzi, hachezi na watoto wa nyumbani kutwa nzima. Akikua, mbuzi ndio ukoo wake. Kwenye malisho ya mchana, ambako hakuna ukuta wala mlango, sijaona kinachomshinda mbwa wa namna hiyo pamoja na mchungaji aliye macho.

Sharti la mbwa ni chanjo. Kwenye hili naomba usinielewe nusu. Kichaa cha mbwa kinapatikana kwetu, na hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata duniani wanakipata kwa mbwa. Bweha na bweha masikio wanaambukizwa na mbwa wetu, kisha wanarudisha ugonjwa kijijini. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mzunguko unakatika. Siku ya kampeni bwana mifugo anapokuja, peleka mbwa wote, hata yule unayemwona hana maana.

Ulaya ugonjwa huu ulikuwa kwa mbweha wekundu wenyewe. Waliwapiga risasi, wakawafukizia gesi mashimoni, ugonjwa ukaendelea kutembea. Mwaka 1978 Uswisi wakabadili njia: wakachukua vichwa vya kuku, wakavitia chanjo, wakavitawanya msituni, mbweha wakala. Nchi nyingine zikafuata kwa vyambo vya kiwandani, na mwaka 2008 Ujerumani ikatangazwa kuwa huru na kichaa cha mbweha. Sasa ufikirie kichwa cha kuku kile kile: kikiwa na sumu kinaacha ugonjwa mahali pake, kikiwa na chanjo kinaumaliza.

Ukimwona bweha anaingia kijijini mchana kweupe bila woga, anatokwa mate au anayumba, usimfukuze kwa fimbo. Waondoe watoto, toa taarifa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo akaanze sindano. Asisubiri dalili. Dalili zikishaonekana hakuna tena dawa.

Banda

Banda linagharimu zaidi siku ya kwanza, halafu linanyamaza. Sumu ni rahisi siku ya kwanza, halafu kila msimu unarudi dukani.

Wazee wa Kigogo walilijua hili kabla yetu. Tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa inayozunguka uwanja, ilikuwa na watu na mifugo ndani ya ukuta mmoja, na fisi alibaki kucheka nje. Sisi tumejenga nyumba za bati na matofali ya kuchoma, tukawaacha kuku kwenye kibanda cha mabanzi chenye nyufa za kupitisha mkono.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni waya mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Unamzuia kuku asitoke, lakini bweha anautafuna au kuusukuma hadi uachie. Tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ambayo vidole viwili haviingii. Kama hela ni ya wavu kidogo, uweke chini, kuanzia ardhini hadi kiunoni, na juu malizia kwa mabanzi yaliyobanana au udongo na fito.

Kisha chini. Bweha huchimba palepale ukuta unapogusa ardhi, harudi nyuma hatua mbili kufikiria. Kwa hiyo ama fukia wavu wima sentimita 30, ama ulaze nje ya ukuta kama upindo wa kanga, upana wa sentimita 40 au 50, ufunike kwa udongo na mawe. Mimi napenda wa kulaza, hasa huku kwetu ambako ardhi ya kiangazi ni ngumu kama saruji. Akianza kuchimba anakutana na chuma, anahama pembeni, anakutana na chuma tena.

Mlango uwe na komeo la kuzungushwa, si kamba. Juu, ziba nafasi ya bati kwa wavu huohuo ili hewa ipite na kanu asipite. Vichanja vya kulalia viwe juu, kuku wasilale wakigusa ukuta wa wavu, maana hata mguu mmoja unaweza kuvutwa kupitia tundu. Na ufunge kabla giza halijaingia vizuri. Banda zuri lililosahauliwa wazi saa mbili usiku ni sawa na hakuna banda.

Kwa mbuzi, boma la miiba linafaa likiwa nene na likirekebishwa kila mara, jambo ambalo wengi tunaliacha mvua zikianza. Kuzunguka Ruaha, upande wa Idodi na Pawaga, wafugaji wameimarisha maboma kwa waya. Simanjiro wamepanda miti ya jamii ya manemane kuwa nguzo hai na kuifunga waya. Mti unakua, nguzo haiozi wala kuliwa na mchwa. Mtu wa Kongwa au Chemba anaweza kuiga hilo bila shida, miti hiyo tunayo.

Uchague lipi?

Kama una kuku chini ya thelathini na hela ni ya kubana, nunua wavu wa chini na komeo kwanza. Mbwa atasubiri. Vifaranga wafungie mchana pia, mpaka wafikie miezi miwili, kwa ajili ya nguchiro na mwewe, maana hao hawana habari na banda lako la usiku.

Kama una mbuzi wanaozaa, wapange mapema. Bweha huzaa kiangazi, na wakati watoto wao wanaanza kula nyama ndipo wazazi wanapothubutu zaidi. Mbuzi anayekaribia kuzaa abaki nyumbani, na mtoto asiende malishoni wiki zake za mwanzo. Kondo la nyuma lizikwe kwa kina, mizoga vilevile. Ukitupa kondo nyuma ya zizi, umemwonyesha bweha njia ya kuja, na siku inayofuata atakuja kutafuta kilichotoka pamoja na kondo lile.

Kama una vyote, kuku na mbuzi, na mnakaa kitongoji kimoja familia tano au sita, mnunue rola moja la wavu kwa pamoja na mgawane. Bweha akishindwa kwako atahamia kwa jirani, na jirani ndiye atakayekuja na ndoo ya utumbo.

Mzee wangu utumbo ule aliuosha, tukaukaanga mchana kwa pilipili. Kuku wake waliobaki tuliwalaza jikoni kwake siku mbili. Siku ya tatu bodaboda ilimshusha na nusu rola ya wavu begani, akaanza kuchimba kuzunguka banda. Nilimkuta amepiga magoti, jembe pembeni, anapima mtaro kwa mkono wake mwenyewe.

"Mjukuu wangu, hapa panatosha?"

Mkono uliishia chini kidogo ya kiwiko. Nikamwambia panatosha, upande wa nyuma tuongeze mawe.